Pikipiki Iliyotembea Kama Mbwa

Pikipiki yangu ilipofika mwendo wa sitini ilianza kukataa. Sisemi ilizima. Ingezima ningeielewa, maana hata mimi huzima. Ilikuwa inakataa kwa kichwa, kushoto kulia, kushoto kulia, kama binti aliyeletewa mchumba mzee. Chini ya hamsini ilitulia. Juu ya sabini nayo ilitulia, ila huko aliyekuwa hatulii ni mimi. Basi kwa miezi miwili nikawa natembea kati ya Bukoba na Muleba kwa mwendo wa arobaini na tano, napitwa na bodaboda waliopakia magodoro, napitwa na malori ya mchanga, na siku moja, kwenye mteremko wa Muhutwe, nikapitwa na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Mwenye baiskeli aligeuza shingo akaniuliza kama nimeishiwa mafuta. Nikamwambia naangalia ziwa. Pale tulipokuwa ziwa halionekani.

Ni pikipiki kubwa, ile ya safari ndefu, yenye masanduku mawili ubavuni na kioo kirefu cha kukinga upepo. Niliinunua ikiwa imeshazeeka, kwa mtu aliyekuwa anahama, na watoto wa kwetu Izimbya huiita ng'ombe. Kazi yangu ni kupeleka madaftari na kalamu kwenye maduka ya vijijini, kazi ambayo pikipiki ya kawaida ingeitosha kabisa. Lakini mimi nina elimu.

Elimu yenyewe niliipata shule ya jioni, tayari nikiwa na ndevu, dawati moja na mgambo mmoja na mama muuza dagaa, tukifundishwa na kijana aliyekuwa anatuamkia kwanza kabla ya kutuchapa kwa mitihani. Fizikia nilipata D. Kuna watu wanaidharau D. Hao hawajui kwamba D ya mtu aliyesoma huku anasinzia ni sawa na A ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Tangu siku ile cheti kilipotoka, hakuna kitu kilichoharibika ndani ya wilaya mbili ambacho sikukitolea maelezo. Redio, pampu ya maji, goti la jirani. Sikutengeneza hata kimoja, lakini maelezo nilitoa.

Sasa huko kuyumba kungebaki kuwa aibu yangu binafsi kama isingekuwa simu kutoka Buganguzi.

Mama yangu anakaa Izimbya, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na marehemu baba. Wa tumbo moja naye amebaki mmoja tu duniani, dada yake mkubwa, aliyeolewa Buganguzi, huko upande wa Muleba. Mama mkubwa huyo alianguka mwaka juzi, tangu hapo hatoki nje ya ua. Hilo tulilizoea. Ila siku hiyo mkwe wake anayemtunza alinipigia simu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mama ameanza kupotea. Jana aliniuliza mimi ni nani. Leo asubuhi amenijua, mchana hakunijua. Anamtaja sana mdogo wake. Kama mama yako atakuja, aje sasa hivi, wakati dada yake bado anamjua."

Nilipompelekea mama habari hiyo alikuwa anamenya ndizi. Alimaliza kumenya kidole kilichokuwa mkononi, akakiweka kwenye sufuria, akafuta kisu. "Utanipeleka Jumamosi," akasema.

Mtasema, si kuna magari? Magari yapo. Mama yangu akiingia kwenye gari hutapika hata kabla halijawashwa. Harufu ya viti tu inamtosha. Mara ya mwisho alisafiri kwa gari kutoka Bukoba mjini, walipofika nusu ya njia kondakta mwenyewe alimwomba kwa heshima zote ashuke, akamrudishia na nauli. Chombo anachokipanda ni kile chenye upepo. Ujana wake wote aliumaliza nyuma ya baiskeli ya baba. Kwa hiyo njia ya Buganguzi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa inakataa kwa kichwa.

Jumamosi nikaenda. Mama akapanda upande upande, miguu yote kushoto, kama walivyopanda wanawake wa umri wake tangu baiskeli iingie Buhaya. Chini yake, kwenye sanduku la kushoto, nikafunga mkungu wa ndizi wa kumpelekea dada yake, mkungu mmoja mkubwa kuliko mtoto wa darasa la tatu. Tukatoka vizuri. Kwenye barabara ya vumbi sikuzidisha mwendo. Lakini tulipofika kwenye mteremko wa kwanza, ng'ombe akajiachia, sitini ikafika bila kuniuliza, na usukani ukaanza. Safari hii haukukataa kistaarabu. Ulikataa kwa mwili mzima. Kioo kilitetemeka, meno yangu yaligongana, na nyuma nikasikia mama anasali Salamu Maria kwa mwendo wa kasi kuliko wetu.

Niliposimamisha, alishuka, akakung'uta kitenge chake, akaanza kutembea kurudi nyumbani.

"Mama! Mawe!" nikamwita kwa Kiswahili na kwa Kihaya. "Mbona unaondoka?"

"Nataka kumkuta dada yangu akinijua," alisema bila kugeuka. "Sitaki kumkuta yeye ananijua na mimi ni maiti."

"Ni kitu kidogo tu, nitakirekebisha."

Hapo akageuka. Akaitazama pikipiki pale ilipokuwa, kwa nyuma, kichwa kimeinama upande. "Waitu, mwanangu, hicho kitu kinatembea kama mbwa."

Mimi nikacheka. Mwanamke asiyejua spana wala nati, ananieleza mimi mwenye D! Nikamwambia mbwa ana miguu minne, hii ina magurudumu mawili. Nikadhani nimemshinda. Naye akaendelea na safari yake kwa miguu, mkungu akaniachia mimi.

Wiki ile nilifanya kazi kama shetani. Jumapili baada ya misa nililala chini ya pikipiki nikiwa na suti, kwa sababu fikra ilinijia kanisani na sikutaka ipoe. Nikaona tairi la mbele. Upande wa kulia lilikuwa bado na maua yake, upande wa kushoto limelika mpaka likawa laini kama kipara, tena limelika mafungu mafungu, mlima na bonde, mlima na bonde. Lilifanana na soli ya kiatu cha mtu mwenye matege. La nyuma nalo lilikuwa limelika kwa pembeni, ila hilo sikulijali, maana kinachotikisika ni usukani, na usukani uko mbele. Hiyo ndiyo Fizikia.

Jumatatu nikaongeza upepo. Likaruka ruka kama mpira. Jumanne nikapunguza upepo. Likalala kama mtu aliyeshiba pombe ya rubisi. Jumatano nikagundua kwamba tatizo ni shingo ya usukani, imelegea. Nikachukua spana kubwa nikaikaza. Nikaikaza kwa nguvu zote alizonipa Mungu na nyingine nilizoazima. Kuyumba kukaisha kabisa! Ila na kukata kona nako kukaisha. Kwenye kona ya kwanza barabara ilikwenda kulia na mimi nikaenda nilikokuwa naelekea, nikaingia kwenye mibuni ya mzee mmoja aliyekuwa anapalilia. Hakushtuka hata kidogo. Alisimama na jembe lake, akanitazama nimekaa juu ya pikipiki katikati ya kahawa yake, akaniuliza, "Umekuja kununua au kuuza?"

Nikailegeza. Simu ya Buganguzi ikaja tena: leo hajamjua mtu tangu asubuhi, ila jioni kidogo aliimba.

Alhamisi nikashika adabu, nikampelekea fundi. Fundi huyu yuko Muleba, mtu mzima, mnene, anayefanya kazi akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na pikipiki ndizo zinazoletwa mbele yake kama washtakiwa. Ila mimi sikumpelekea pikipiki. Nilifungua gurudumu la mbele peke yake, nikapanda bodaboda, nikalipakata gurudumu mapajani kama mtoto mgonjwa, kutoka Bukoba mpaka Muleba. Mpaka leo nikikumbuka natafuta mahali pa kujificha.

Fundi alilizungusha gurudumu mara mbili, akagusa spoku, akapapasa tairi.

"Gurudumu halina kosa," akasema.

"Fundi, litazame vizuri. Usukani unacheza!"

"Nimelitazama. Huyu mtoto hana ugonjwa. Ugonjwa uko kwao. Pikipiki iko wapi?"

"Nyumbani. Nimeona nisikuchoshe."

Fundi alilirudisha gurudumu mapajani kwangu. "Mwalimu," akasema, kwani wote Muleba huniita mwalimu kwa sababu ya madaftari, "siku ukiumwa kichwa, utampelekea daktari kichwa?"

Watu wawili waliokuwa wanasubiri pembeni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikavaa gurudumu langu begani nikaondoka, nikijieleza njia nzima kwamba fundi asiye na cheti ana mipaka yake.

Ijumaa nikaenda Izimbya kumwomba mama anisamehe na asubiri wiki nyingine. Nilimkuta kwenye kibanja anapanda migomba mipya, ana kamba yake ya kupandia, kamba ndefu yenye kigingi huku na kigingi huku. Mama yangu hapandi mgomba kwa kukisia. Ukipita kwenye kibanja chake ukasimama kwenye mgomba wa kwanza, mingine yote inajificha nyuma yake. Nikaegesha pikipiki uani nikaanza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye kani ya msukumo alipouacha mgomba, akaja na kamba yake.

"Isimamishe wima," akasema.

"Mama..."

"Isimamishe wima, nimesema. Na usukani uunyooshe."

Nikasimama nimeishika. Akapiga magoti, akazungusha kamba nyuma ya tairi la nyuma, akavuta ncha moja ubavu wa kushoto na nyingine ubavu wa kulia mpaka mbele, zikigusa tairi la nyuma sehemu zote mbili, akazikaza kwa vigingi. Halafu akachutama mbele ya tairi la mbele akapima nafasi. Upande mmoja akaingiza kidole. Upande wa pili akaingiza ngumi, na ngumi ikabaki inacheza.

"Njoo uone," akasema. "Mbele inakwenda barabarani. Nyuma inakwenda chooni."

Nikatazama. Kamba haina D wala A, kamba imenyooka tu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limegeuka upande kwa uwazi ambao hata kuku angeuona. Mbwa ndivyo anavyokimbia, mwanangu, alinieleza, kichwa njiani na matako pembeni, nimekwambia Jumamosi ukacheka. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa bila kujua naliogopa.

"Nani aliligeuza?"

Hapa sasa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa hasara yangu.

Kwetu hutoki kwa mama mikono mitupu. Kila nikienda Izimbya narudi na mkungu. Na mkungu wa zawadi haukatwi vichana ukagawanywa huku na huku kama nyama ya mnadani. Unakwenda mzima, mpokeaji aone ukubwa wa moyo. Upande wa kulia wa pikipiki kuna bomba la moshi, lina joto la kuchomea chapati. Kwa hiyo mkungu, wiki baada ya wiki, mwaka mzima, ulikaa kushoto. Pikipiki ikawa inavutia kushoto. Nami, badala ya kuwaza ndizi, nikawaza sayansi. Gurudumu la nyuma lina nati mbili za kuvutia mnyororo, moja kila upande, na kuna alama ndogo ndogo za kukuonyesha kwamba zote ziko sawa. Nikakata shauri kwamba alama hizo ni ushauri tu. Nikavuta upande mmoja alama mbili zaidi ya mwingine, ili gurudumu lisukume kulia na kuzipinga ndizi. Na likazipinga kweli! Siku ile nilifika Bukoba nimenyooka kama rula, nikajipongeza kwa soda. Ila ndizi ziliposhuka, gurudumu halikupewa taarifa. Likaendelea kupinga ndizi ambazo hazipo, mbele ikawa inabishana na nyuma, tairi zikalika, na mimi nikatafuta mchawi kwenye usukani.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ndizi zako."

Nilitegemea matusi. Mama alikaa chini kwenye matandazo, akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kilipotoka kilikuwa cha kutoa machozi. "Mae! Usingesema tu kwamba zinakulemea?"

Nani anamwambia mama yake kwamba zawadi yake inamlemea? Sikuwahi kufundishwa hilo, si mchana wala jioni.

Tukalinyoosha gurudumu palepale, mimi na spana, yeye na kamba, mpaka kidole kikaingia sawa pande zote mbili. Mchana uleule nikampelekea fundi pikipiki nzima. Akafungua shingo ya usukani, akanionyesha bearing, zile gololi zinazouzungusha usukani. Zilikuwa zimechimbika vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Hii nani aliikaza hivi?"

Safari hii nilijibu haraka. "Mimi."

"Na nyuma?"

"Mimi pia."

"Afadhali," akasema fundi. "Nilidhani una adui."

Akaweka bearing mpya, tairi mpya mbele na nyuma, upepo wa kipimo. Akanikataza kugusa kitu chochote isipokuwa ufunguo.

Jumamosi ya pili nilimkuta mama mlangoni amevaa suruali ya marehemu baba chini ya gauni. Nikaikodolea macho. "Usinitazame," akasema. "Nimefikiria. Kama mkungu ukikaa upande mmoja unaharibu, na mimi nikikaa upande mmoja si ni mkungu tu?" Akapanda akakaa kama askari. Na mikungu ilikuwa miwili, inalingana, kaipima kwa mikono yake, mmoja huku, mmoja huku. Wa kulia, karibu na bomba, aliufunga magome mabichi ya mgomba yaliyolowekwa maji, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto mchanga.

Nikapanda sitini kwa woga. Usukani ukakaa kimya. Nikapanda sabini. Kimya. Kwenye mteremko wa Muhutwe tulipita malori mawili, na ningeapa kwamba ile baiskeli ya siku ile nayo tuliipita, ingawa huenda ilikuwa nyingine. Nyuma yangu hakuna aliyesali. Mama alinipiga begani mara moja tu, akapaza sauti juu ya upepo, "Kimbia! Asije akanisahau nikiwa njiani!"

Sikuwaza bomba. Nilikimbia.

Buganguzi tulimkuta mama mkubwa amekaa kwenye mkeka, mkwe wake pembeni. Amepungua, macho yanatazama mahali fulani juu ya vichwa vyetu. Mama alimpigia magoti na ile suruali yake, akamwamkia kama mdogo anavyomwamkia mkubwa. Mama mkubwa aliitikia vizuri, kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni.

"Umetoka wapi, mwanamke?" akamwuliza.

Mama alijibu, Izimbya. Akamtajia jina lake. Akamtajia baba yao, na kisima chao. Mama mkubwa alitikisa kichwa kwa upole, akamwambia mkwe ampe mgeni punje za kahawa za kutafuna. Niliona mgongo wa mama ukishuka. Nikaenda nje kufungua mikungu, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine duniani.

Magome yalikuwa yamekauka zamani, mengine yameungua. Ule mkungu wa kulia, upande mzima uliokuwa unaelekea bomba ulikuwa mweusi, ndizi zimeiva kwa moto, maganda yamepasuka, zinatoa moshi kidogo na harufu ya jikoni. Niliuleta hivyohivyo ndani, maana zawadi hairudishwi, nikauweka mkekani nikiomba radhi kwa lugha mbili.

Mama mkubwa alivuta harufu. Akainama. Akashika kidole kimoja kilichoungua, akakigeuza, akakiminya. Kisha akamtazama mdogo wake, na safari hii macho hayakupita juu.

"Umeziunguza tena," akasema. "Nilikwambia uzigeuze! Baba atakuja ale nini?"

Mama alikaa palepale akamwegemea bega, kama msichana wa miaka minane aliyekutwa na kosa, akilia na kucheka. Wakaanza kugombana kuhusu zamu ya nani ilikuwa kuangalia moto, miaka sitini na kitu iliyopita, na ugomvi huo ulidumu mpaka chakula cha mchana. Zile zilizoungua ndizo walizokula, kwa mkono mmoja, bila kuachana.

Nilipokuwa nimesimama mlangoni najisifu kimoyomoyo, nikitafuta namna ya kueleza kwamba joto la bomba nililikusudia tangu mwanzo, mama mkubwa alinyoosha kidole upande wangu.

"Na huyu?"

Mama alinitazama, akafuta macho kwa upande wa kitenge.

"Bodaboda," akasema.

"Mpe naye chakula," alisema mama mkubwa. "Anaonekana ana njaa. Na amwambie mwenye pikipiki aikague, imesimama upande."

Nikatoka nje kuangalia. Ilikuwa imesimama upande kweli, lakini ni stendi tu.